Sura ya Saba: Miezi ya Kutulia

Mbwa mwenye minyoo ya moyo, mara nyingi, siku ile anapogunduliwa haonekani kuwa mgonjwa. Anakula akamaliza, anatikisa mkia, anamlamba mkono daktari aliyetoka kumchoma sindano. Damu kidogo imetolewa mguuni, matone machache yametiwa kwenye kipimo, na baada ya dakika kumi hivi daktari anarudi chumbani uso umembadilika. Anasema mbwa ana minyoo, tena si ile ya tumboni. Hii imo katika mishipa inayopeleka damu mapafuni, na mingine huenda imeshaingia moyoni. Mwenye mbwa anamtazama mnyama wake aliyekaa pale sakafuni, mzima kwa kumtazama, wala haamini masikio yake.

Sura hii nimemwandikia mtu huyo. Naiandika nikiwa Houston, Texas, mji wa joto, madimbwi na mbu karibu mwaka mzima, ambako ugonjwa huu ni jambo la kila siku katika kliniki za wanyama, na ambako wengi wetu tuliotoka Tanzania, Kenya na Kongo tumejikuta tukiishi na mbwa ndani ya nyumba kwa mara ya kwanza. Mbwa wetu, Shaba, tulimchukua katika kituo cha mbwa wasio na wenyewe, na ugonjwa alikuja nao. Mbwa wengi wa vituo vya pwani hii ya Ghuba ya Meksiko huja nao. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, maelfu ya mbwa wa Louisiana na Mississippi walipelekwa kutafutiwa makazi katika majimbo ya mbali, na wengi wao walisafiri na minyoo hiyo kifuani.

Ninalotaka msomaji aondoke nalo ni hili: ugonjwa huu unatibika, ila tiba yake ina nusu mbili. Nusu moja ni dawa, na hiyo ni kazi ya daktari. Nusu ya pili ni kumtuliza mbwa kwa miezi kadhaa, na hiyo ni kazi yako. Hakuna sindano itakayoifanya kwa niaba yako.

Mbu na mnyoo

Mbu humuuma mbwa mwenye ugonjwa akafyonza damu yenye minyoo michanga, midogo kiasi kwamba urefu wake haufiki hata nusu milimita. Ndani ya mbu minyoo hiyo hukua kwa siku 10 hadi 14 pakiwa na joto la kutosha. Hewa ikishuka chini ya nyuzi 14, ukuaji husimama, na ndiyo maana nchi za baridi hupumua miezi kadhaa kwa mwaka, nasi wa nchi za joto hatupumui. Mbu huyo akimuuma mbwa mwingine, minyoo hubaki juu ya ngozi na kupenya katika tundu lililoachwa na mdomo wake. Hapo huanza safari ya polepole chini ya ngozi na katika misuli, na baada ya miezi miwili na ushei ya kwanza huanza kufika kwenye mishipa ya mapafu.

Huko ndiko inakokomaa. Mnyoo jike uliokomaa hufika sentimita 25 hadi 30, mwembamba kama tambi, na unaweza kuishi miaka 5 hadi 7. Mbwa mmoja anaweza kuwa na mnyoo mmoja au miwili, na mwingine akawa nayo zaidi ya mia. Yapata miezi sita au saba tangu mbwa aumwe, minyoo jike huanza kuzaa, na wale wachanga huzunguka katika damu wakisubiri mbu wa kuwabeba.

Maelezo hayo yanatisha, lakini ndani yake mna habari njema mbili ambazo daktari mwenye haraka huzisahau. Ya kwanza, minyoo michanga inayozaliwa ndani ya mbwa haiwezi kukomaa mpaka ipite kwanza katika mwili wa mbu. Mbwa mwenye minyoo mitano hatakuwa nayo hamsini kwa kuzaliana kwa mitano hiyo. Idadi huongezeka kwa kuumwa tena tu, na hilo unaweza kulizuia kuanzia leo. Ya pili, mbwa wako hamwambukizi mtoto wako kwa kumlamba, wala kwa kulala naye zulia moja, wala hamwambukizi mbwa wa jirani kwa kucheza naye. Mara chache sana mnyoo huu humwingia binadamu kupitia kwa mbu ukafia mapafuni mwake, kwa kuwa mwili wa binadamu si makazi yake. Hakuna sababu ya kumfukuza mbwa nyumbani.

Nilipompigia mama simu Tanga, baada ya shikamoo na marahaba na habari za wajukuu, nikamweleza. Akauliza, “Kaupataje?” Nikamjibu, mbu. Akanyamaza, kisha akasema, “Basi hiyo ni ndugu yake matende, mwanangu.” Mama hajasomea udaktari, lakini amezaliwa kwenye pwani iliyojaa watu wa miguu iliyovimba na wazee wa mabusha, na jibu lake lingepata alama zote darasani. Mnyoo wa matende na mnyoo wa moyo wa mbwa ni wa jamii moja, na wote wawili hubebwa na mbu. Mnyoo wa mbwa ulipewa jina lake la kisayansi mwaka 1856 na Joseph Leidy wa Philadelphia. Miaka kama ishirini baadaye, mwaka 1877, Patrick Manson, daktari Mskoti aliyekuwa akifanya kazi Amoy huko China, aliona minyoo michanga ya matende ikikua ndani ya mbu. Elimu ya mmoja imemsaidia mwenzake tangu zamani hizo, na tutaona punde kwamba hata dawa wanagawana.

Hakikisha kwanza

Kipimo cha kwanza hutafuta katika damu protini inayotolewa na minyoo jike iliyokomaa. Kwa hiyo mbwa aliyeambukizwa miezi mitatu iliyopita anaweza kuonekana hana kitu, kwa sababu minyoo yake bado haijakomaa. Kipimo kikisema anayo, kwa kawaida kinasema kweli. Hata hivyo, American Heartworm Society, chama cha kitaalamu kilichoanzishwa mwaka 1974 ambacho mwongozo wake hufuatwa sehemu nyingi duniani, hutaka matokeo yathibitishwe kwa kipimo kingine kabla ya tiba. Tiba ni nzito, na mbwa asipewe mzigo huo kwa kosa la kipimo.

Kipimo hicho cha pili ni hadubini, na ukiruhusiwa, omba kuangalia. Tone la damu mbichi huwekwa juu ya kioo na kufunikwa. Mwanzoni unaona chembe nyekundu tu, nyingi, zimetulia. Kisha mahali fulani chembe zinaanza kusukumwa huku na huku, na katikati yake kuna kitu chembamba kinachojipinda na kujikunjua bila kwenda popote. Mnyoo mchanga wa moyo hujinyonganyonga palepale, hali aina nyingine hukata mbio na kupotea machoni. Mimi nilipouona nilituliza moyo. Nilijua sasa tunapigana na nini.

Kwa msomaji aliye Afrika Mashariki, hatua hii ina uzito zaidi. Mbwa wa kwetu hubeba minyoo mingine ya damu inayofanana na huu. Upo Dirofilaria repens, unaokaa chini ya ngozi na mara nyingi hauna madhara makubwa. Upo Brugia patei, uliotambuliwa mwaka 1958 katika kisiwa cha Pate, Lamu, ndani ya mishipa ya limfu ya mbwa, paka na kanu. Minyoo michanga ya aina zote hizo huonekana kwenye damu. Mtu akikuambia ameona minyoo kwenye hadubini, hajakuambia bado kwamba ni minyoo ya moyo. Mwombe kipimo cha protini pia. Lakini usiende upande wa pili ukasema ugonjwa huu ni wa Wamarekani. Katika mbwa wa Kampala uliandikwa na wataalamu tangu 1970, na mbu wa kwetu hawahitaji kufundishwa kazi.

Baada ya hapo hufuata picha ya eksirei ya kifua, vipimo vya ini na figo, na penye uwezo picha ya mawimbi ya sauti ya moyo. Daktari anatafuta daraja la ugonjwa. Daraja la kwanza mbwa hana dalili, au anakohoa mara mojamoja. La pili anakohoa na kuchoka baada ya mwendo wa kawaida. La tatu amekonda, anahema kwa shida, na eksirei inaonyesha mishipa iliyovimba. La nne minyoo imeziba njia ya damu moyoni kwenyewe: mbwa anaanguka ghafla, ufizi umepauka, mkojo umekuwa mweusi kama kahawa. Huyo ni wa dharura, na minyoo yake hutolewa kwa upasuaji kupitia mshipa wa shingoni. Mwulize daktari waziwazi mbwa wako yuko daraja la ngapi. Jibu lake ndilo litakaloamua mambo mengine yote, pamoja na usingizi wako.

Kwa nini sindano husubiri

Wengi huudhika hapa. Wameambiwa mbwa ana minyoo, wako tayari kulipa, na daktari anasema sindano ni baada ya miezi miwili. Kuna sababu, na ukiielewa hutaona kwamba unachezewa.

Dawa inayoua minyoo iliyokomaa inaitwa melasomini. Ina aseniki ndani yake, na huchomwa ndani kabisa ya misuli ya mgongo, karibu na kiuno. Siku ya kwanza mbwa haanzi na hiyo. Anaanza na kinga ya kila mwezi, inayoua minyoo ambayo bado ni michanga na kuzuia maambukizi mapya, na vidonge vya doksisaiklini kwa wiki nne. Doksisaiklini ni dawa ya bakteria. Kazi yake hapa ni kuua bakteria waitwao Wolbachia wanaoishi ndani ya mnyoo wenyewe. Mnyoo hauwezi kustawi bila hao. Ukiwakosa hudhoofika, hushindwa kuzaa, na ukija kufa hauachi uvimbe mkali mapafuni kama ule ambao ungeuacha ukifa nao. Watafiti wa matende wameitumia mbinu hiihii kwa binadamu.

Kisha huja mwezi mmoja wa kusubiri. Minyoo iliyokuwa njiani siku ile ya kwanza inapewa muda wa kufikia umri ambao sindano itaipata. Karibu na siku ya 60 mbwa huchomwa sindano ya kwanza, inayopunguza minyoo kwa kadiri ya nusu. Mwezi mmoja baadaye, siku ya 90 na ya 91, huchomwa ya pili na ya tatu. Kwa sindano hizo tatu, takriban asilimia 98 ya minyoo hufa. Zamani ilitumika dawa nyingine ya aseniki, ya kuingizwa kwenye mshipa, na ilikuwa na hatari kubwa zaidi. Melasomini ilipoidhinishwa Marekani miaka ya 1990, madaktari walipata nafasi ya kuua minyoo kwa awamu, ili mapafu yasizidiwe kwa mkupuo mmoja.

Hapo ndipo ulipo moyo wa jambo hili. Mnyoo uliokufa hauna mlango wa kutokea. Hauendi tumboni ukatoka na kinyesi. Unavunjika vipande, na vipande hivyo husukumwa na damu mpaka kwenye vimishipa vyembamba vya mapafu, vikakaa humo mpaka mwili uvile polepole, wiki baada ya wiki. Mbwa aliyetulia, moyo wake hupiga taratibu na mapafu hupata muda wa kufanya kazi hiyo. Mbwa anayekimbia, moyo husukuma damu kwa nguvu penye njia iliyoziba, na mapafu yanaweza kushindwa katika muda wa dakika chache. Wakati wa hatari kubwa ni kuanzia kama wiki moja baada ya sindano hadi wiki nne. Wakati huohuo mbwa wengi huonekana wamechangamka na wanadai kucheza. Dawa imefanya kazi, maumivu ya mgongo yamekwisha, na mbwa hajui kifuani mwake kunaendelea nini. Wewe unajua.

Nyumba yenye mbwa wa kutulia

Utulivu huanza siku ya kugunduliwa, si siku ya sindano. Hakuna kukimbia, kurusha mpira, kuruka juu ya kochi, kupanda na kushuka ngazi kwa furaha. Kwenda haja ni kwa kamba fupi, kutoka na kurudi. Baada ya sindano mambo hukazwa zaidi: mbwa hukaa kizimbani au katika chumba kidogo, na hivyo ndivyo anavyokaa kwa wiki sita hadi nane baada ya sindano ya mwisho.

Ukisikia hivyo unaona ni adhabu. Ninavyoona mimi, adhabu ni kumfungia mbwa kisha ukamwacha peke yake. Kizimba cha Shaba tulikiweka sebuleni, pale familia inapokaa, tukamtandikia blanketi lake la zamani na kufunika upande mmoja kwa kanga. Mapazia ya dirisha la mbele tuliyashusha mchana kutwa, kwa sababu kindi wa Houston hawana adabu na mleta barua hupita saa ileile. Mpira ulipanda juu ya kabati. Wageni waliombwa wasibonyeze kengele, wapige simu wakiwa nje.

Kichwa cha mbwa kisifungwe pamoja na miguu yake. Mbwa akikosa kabisa la kufanya atalia, atatafuna kizimba, atajizungusha mpaka ahemewe, na hapo utulivu umevunjika bila hata kutoka mlangoni. Chakula chake kipe kazi: kijaze ndani ya kichezeo cha mpira chenye tundu, ukigandishe, akilambe saa nzima. Ficha vipande vidogo vya nyama ndani ya taulo lililokunjwa, avitafute kwa pua akiwa amelala. Mfundishe mambo ya kufanya amekaa: kuweka kidevu chini, kugusa kiganja chako kwa pua, kukutazama ukitaja jina lake. Dakika tano za kufikiri humchosha mbwa kuliko unavyodhani. Akishindwa kabisa kutulia, mwambie daktari. Zipo dawa za kumpunguzia mhangaiko, na kuzitumia si aibu.

Panga tarehe za sindano ukitazama kalenda. Tarehe 4 Julai huku fataki hulipuka hadi usiku wa manane, na mbwa anayeogopa mlipuko anaweza kuvunja kizimba. Vivyo hivyo sherehe ya nyumbani, wageni wa likizo, kuhama nyumba. Daktari hujali wiki, lakini wewe ndiye unayejua wiki ipi nyumba yako ina kelele.

Jua pia kawaida ya dawa ili usishtuke. Doksisaiklini ipewe na chakula, la sivyo mbwa anaweza kutapika. Predinisoni anayopewa baada ya sindano, ili kupunguza uvimbe, humfanya awe na kiu, njaa na mkojo wa mara kwa mara. Utaamka usiku kumtoa. Pale alipochomwa patauma na kuvimba. Siku chache usimshike mgongo wala usimnyanyue kiunoni. Lakini akipata homa, akikataa chakula, kikohozi kikizidi au kikija na damu, akihema kwa nguvu akiwa amelala, ufizi ukipauka, usisubiri asubuhi. Mpeleke. Namba ya kliniki ya usiku ibandike kwenye jokofu kabla ya sindano ya kwanza.

Wakabidhi watoto kazi ya kweli. Binti yetu alikuwa mwandishi wa daftari la kikohozi: saa, mara ngapi, baada ya kufanya nini. Daktari alilisoma daftari lile ukurasa kwa ukurasa. Na mtoto aliyeshika kalamu hatupi mpira.

Watakaosema ni mbwa tu

Tiba kamili Marekani inaweza kupita dola 1,000, na huko nyumbani kuna watu wanaosubiri ada ya shule na dawa ya presha. Utaulizwa, na wakati mwingine utajiuliza mwenyewe: pesa zote hizo kwa mbwa? Swali hili halistahili kubezwa. Anayeuliza huenda ana haki ya kuuliza.

Nimelifikiri sana, na jibu langu ni kwamba mnyama uliyemfunga kamba na kumfungia mlango hawezi tena kujitafutia. Ulipomchukua, uliuchukua na ugonjwa wake. Wengi wetu tuliolelewa pwani tuliambiwa mbwa ni najisi, na palepale chuoni tukasikia kisa cha mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake na kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, naye akasamehewa dhambi zake. Mambo hayo mawili hayagongani. Unaweza kuwa na mahali pake pa kulala, chombo chake cha kulia na utaratibu wako wa kujitwaharisha, na bado ukamtibu.

Kama pesa hazitoshi, sema mapema. Vituo vingi vya wanyama huchangia tiba ya mbwa waliotoka kwao, kliniki nyingine hukubali malipo ya kidogokidogo, na sindano hutanguliwa na miezi miwili ya vidonge vya bei nafuu ambayo inakupa nafasi ya kujikusanya. Daktari asiyejua hali yako atakuandikia tiba ya mtu mwingine.

Halafu kuna lawama ya ndani. Ulimfuga miaka yote, mbu akapita mlangoni mwako. Mbu mmoja hatoshi kuwa hukumu ya mapenzi yako kwa mbwa wako. Nguvu unayotumia kujilaumu unaihitaji usiku wa kumtoa mbwa mkojo.

Pasipo na melasomini

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki melasomini ni vigumu kuipata. Njia mbadala ni doksisaiklini pamoja na kinga ya kila mwezi kwa muda mrefu, ambayo huiua minyoo iliyokomaa taratibu sana, pengine zaidi ya mwaka. Ubaya wake ni kwamba minyoo huendelea kuharibu mishipa wakati wote huo, na mbwa anatakiwa kutulia wakati wote huo. Penye melasomini, njia hii si chaguo la kwanza. Pasipo nayo, ni bora kuliko kukaa bure, ilimradi iongozwe na daktari wa mifugo.

Nasisitiza daktari kwa sababu ya jambo moja linaloua mbwa wa kwetu. Ivamektini ni dawa tukufu. Ilitokana na bakteria wa udongo wa Japani, na iliwapatia Satoshi Ōmura na William Campbell Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ndiyo hiyohiyo wanayogawiwa wanakijiji wa Tanzania dhidi ya usubi na matende, na ndiyo iliyomo katika vidonge vingi vya kinga ya mbwa. Lakini chupa ya sindano ya ng'ombe inayouzwa duka la pembejeo ina miligramu 10 katika kila mililita. Kinga ya mbwa ni maikrogramu 6 kwa kila kilo ya uzito wake. Fanya hesabu: mililita moja ya dawa ya ng'ombe ingetosha kinga ya mwezi ya mbwa wenye jumla ya kilo zaidi ya 1,600. Mbwa wa mbegu ya koli na jamaa zake, ambao wengi wana kasoro ya kurithi, dawa hii ikizidi huwapenya ubongoni: wanayumba, wanapofuka, wanazimia. Na mbwa yeyote mwenye minyoo michanga mingi katika damu anaweza kupata mshtuko minyoo hiyo ikifa kwa pamoja. Usipime dawa ya ng'ombe kwa macho ukamchoma mbwa.

Baada ya sindano ya mwisho

Mwezi mmoja baada ya sindano ya mwisho daktari hupima kama minyoo michanga imekwisha katika damu. Kipimo kikuu, kile cha protini, husubiri takriban miezi tisa, kwa sababu mabaki ya minyoo huchelewa kuondoka. Muda wa kutulia ukiisha, usimfungulie mbwa akimbie siku ileile. Misuli imelegea na pumzi imepungua. Anza na mwendo wa dakika tano kwa kamba, ongeza wiki hadi wiki, na akikohoa rudi nyuma. Mbwa wengi wa daraja la kwanza na la pili hurudia maisha yao ya kawaida. Wale wa daraja la tatu wanaweza kubaki na mapafu yenye makovu. Hao watahitaji mwendo mfupi na jicho la karibu, na bado wanaweza kuishi miaka mizuri.

Kupona hakumpi mbwa kinga ya kudumu. Mbu wa kesho anaweza kumrudisha mwanzo, kwa hiyo kinga ya kila mwezi inaendelea maisha yake yote, masika na kiangazi, na kipimo cha damu kila mwaka, hata kama hujaruka mwezi hata mmoja. Mwaga maji yaliyotuama kwenye ndoo, sahani za maua na matairi. Utamsaidia mbwa na utawasaidia watoto. Kama una mbwa mwingine ndani, naye apimwe wiki hii, kwa kuwa mbu waliomuuma mmoja hawakumchagua.

Na kama umeisoma sura hii siku ileile uliyopewa habari, usijaribu kuyabeba yote kwa mkupuo. Leo una mambo matatu tu: ficha mpira, tafuta kamba fupi, na andika maswali ya kumwuliza daktari, la kwanza likiwa daraja la ugonjwa. Mengine yana siku zake, na tiba hii imepangwa hivyohivyo, siku kwa siku, kwa ajili ya mbwa ambaye leo bado anakula akamaliza.